Bosi anakaba hadi penati: nifanye nini kazi ziende bila kugombana naye?

Mhasibu wa Posta

Wakuu habari za leo. Naomba mawazo, hasa kwa waliozoea ofisi za fedha.

Kampuni inasambaza vifaa vya ujenzi. Ofisi ipo Posta hapa Dar es Salaam, ghala lipo Vingunguti. Mimi nashughulika na malipo. Meneja wa fedha ana miezi mitano tangu aje. Kila barua pepe inayokwenda kwa msambazaji lazima aisome kwanza, hata ile ya kusema tumepokea ankara yenu. Voucha moja ya malipo inarudi mara tatu: kwanza viambatisho havijapangwa anavyotaka, halafu maelezo ni mafupi, halafu maelezo ni marefu. Wiki iliyopita nilihesabu meseji za "umefikia wapi?" zikafika 61 kwa siku tano, na nne kati yake ziliingia baada ya saa tatu usiku. Huku voucha zenyewe zinalala mezani kwake. Mwezi uliopita PAYE (kodi ya mishahara) ililipwa tarehe 7 alasiri, na tarehe 7 ndiyo mwisho wenyewe.

Si mtu mbaya. Hatukani, na kazi anaijua. Sitaki kuacha kazi wala sitaki vita. Nataka kujua naanzia wapi, hatua kwa hatua.

---

Fundi Mizania

Pole sana mkuu. Umeshafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umehesabu. Sasa endelea kidogo. Kwa siku tano za kazi chukua daftari lako, kila swali lake liandikie mstari mmoja: saa, ameuliza nini, na kitu gani kilikuwa kimetokea muda mfupi kabla hajauliza. Hiyo safu ya tatu usiiruke. Ukijaza wiki nzima utaona maswali yanaangukia mafungu manne tu: kazi imefikia wapi, tarakimu ni sahihi, umbo la karatasi, na fedha inayotoka. Kila fungu lina dawa yake, ukitumia dawa moja kwa yote utaona hakuna kilichobadilika.

Umefikia wapi. Hapa tatizo ni pengo la taarifa. Asipojua, anawaza mabaya. Akiwaza mabaya, anaandika meseji. Kwa hiyo mpe taarifa kabla hajaulizia. Tazama kwenye daftari meseji yake ya kwanza huingia saa ngapi. Kama ni saa tatu, yako iwe imefika saa mbili na nusu. Ya pili saa kumi na nusu jioni. Mistari isizidi mitano, na sura yake iwe ileile kila siku ili macho yake yazoee pa kutazama:

*Jumanne tarehe 4, saa 2:30*
*Zimeisha: voucha 9 za wasambazaji, jumla Sh 14,320,000, zipo kwenye trei yako.*
*Leo: kulinganisha daftari na taarifa ya benki, mwisho saa 9 alasiri.*
*Imekwama: ankara ya nondo haina risiti ya mashine ya EFD. Nimewapigia saa 2:10, wanaileta kabla ya saa 6.*
*Naomba kwako: saini ya PAYE na SDL (tozo ya ujuzi) kesho kabla ya saa 5. Mwisho wa TRA ni Ijumaa tarehe 7.*

Neno la kuliogopa ni "inaendelea". Ukiandika "inaendelea" umemwalika akupigie simu. Badala yake sema kimebaki nini, kipo kwa nani, kitaisha saa ngapi. Na ukisema saa tisa, saa tisa ifike ukiwa umemaliza au umeshamwambia saa nane kwamba hautamaliza. Taarifa ya kuchelewa ikija kabla ya muda inamtuliza, ikija baada ya muda inamrudisha palepale alipokuwa.

Wiki ya kwanza usitegemee mabadiliko. Atasoma taarifa yako kisha atauliza kilekile ulichoandika. Mjibu kwa upole kwa kunakili mstari husika, usiseme "nimeshakuandikia". Mpe wiki mbili hadi tatu. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni mwandishi mwenyewe: anatuma siku nne, ya tano anasahau, na bosi anaona alikuwa na haki ya kutoamini.

Tarakimu. Bana karatasi ya ukaguzi mbele ya kila voucha, na wewe uweke alama kabla haijaondoka mezani kwako: LPO (oda ya manunuzi), hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya ghala, ankara, risiti ya EFD, kodi ya zuio, namba ya akaunti ya mlipwaji, jumla kwa tarakimu na kwa maneno. Akaunti ilinganishe na ile iliyo kwenye faili la msambazaji, usiichukue kwenye ankara peke yake, maana matapeli hubadilisha hapo.

Kodi ya zuio, ile unayomkata mlipwaji kabla ya kumlipa, ndipo watu wengi huteleza. Ankara ya huduma ya Sh 1,180,000 yenye VAT ndani yake, ya mtoa huduma mkazi: thamani ya huduma ni Sh 1,000,000, zuio la 5% ni Sh 50,000, anapewa Sh 1,130,000. Mtu mwenye haraka anapiga 5% kwenye jumla yote anapata Sh 59,000. Sh 9,000 ni fedha ndogo, lakini bosi wa aina hii akiikuta mara moja atakagua voucha mia zinazofuata kwa sababu hiyo tu. Andika hesabu yenyewe pembeni kwa penseli, aione ilivyopatikana bila kuchukua kikokotoo.

Umbo. Usibishane juu ya aina ya herufi na salamu. Mwombe asahihishe barua moja kwa msambazaji, moja ya benki, na maelezo ya voucha moja, mpaka aridhike. Hizo tatu zihifadhi ziwe violezo, uandike juu yake "toleo alilopitisha meneja" na tarehe. Siku akirudisha voucha kwa sababu maelezo ni marefu, mwonyeshe kiolezo na umuulize kama tukibadilishe. Akibadilisha, hifadhi kipya. Mara nyingi atakiacha kama kilivyo, kwa sababu anakiona ni chake.

Fungu la fedha inayotoka naliacha, linataka makubaliano na si karatasi.

---

Ghala Namba Tatu

Hilo fungu la nne nalichukua mimi.

Omba kiwango. Usiombe uhuru, wala usitamke neno "kuniamini", kwa sababu ukilitamka mazungumzo yanageuka kuwa juu ya tabia yake na hapo umeshapoteza. Omba kitu kinachopimika. Mfano, chini ya Sh 200,000 unafanya na kuripoti jioni. Kati ya Sh 200,000 na Sh 2,000,000 unamjulisha siku hiyohiyo kabla ya kulipa, na kama hajasema kitu ndani ya saa mbili unaendelea. Juu ya hapo, saini yake kwanza. Tarakimu panga kulingana na mzunguko wa kampuni yenu. Angalia kwanza mwongozo wa fedha wa kampuni unasemaje kuhusu nani anaidhinisha nini, usije ukaomba kitu ambacho hata yeye hana mamlaka ya kukupa.

Kwa barua pepe fanya hivyohivyo lakini kwa aina: za kukiri kupokea ankara, za kuomba risiti ya EFD, za kutuma uthibitisho wa malipo, hizo zitoke bila kusomwa ila anakiliwa. Za bei, za madai na za kuchelewa kulipa abaki nazo.

Maneno ya kumwambia: "Bosi, naomba tujaribu kwa wiki nne. Malipo ya chini ya laki mbili niyafanye, kila jioni nikuletee orodha yake. Likitokea kosa hata moja turudi kama zamani." Wiki nne, kitu kimoja, na mlango wa kurudi upo. Bosi mwenye hofu hukubali jaribio, hakubali mabadiliko. Akikubali, jioni hiyohiyo mwandikie mistari mitatu ya kushukuru na kurudia mlichokubaliana. Bila maandishi, wiki ya pili atakuwa amesahau.

Siku ya kumfuata nayo ni kazi. Usimfuate kati ya tarehe 1 na 7, wala karibu na tarehe 20 ya ritani za VAT, wala Jumatatu asubuhi. Jumatano au Alhamisi baada ya tarehe 20, mchana akishakula, mkiwa wawili tu. Ukilisema mbele ya wenzako atalikataa hata kama analipenda.

---

Karani Mkuu

Naheshimu alichoandika Fundi Mizania, ila hapo kwenye taarifa mbili kwa siku naweka tahadhari. Zikikuchukua zaidi ya dakika 15 kwa siku zote mbili, umejiongezea ajira nyingine, na bosi atazoea kiwango hicho kisha ataongeza. Tengeneza jedwali moja la Excel lenye safu sita (namba ya voucha, mlipwaji, kiasi, ipo wapi, inasubiri nini, tarehe ya mwisho), liwekwe mahali anapoweza kulifungua mwenyewe. Taarifa ya asubuhi iwe ni kunakili kutoka humo.

La pili, na kwangu hili lina uzito kuliko violezo vyote: jua kwanza huyu anakaba kwa sababu gani. Kuna anayekaba kwa sababu na yeye anakabwa, mwenye kampuni anampigia simu kila saa. Ukimsikia kila mara anauliza jambo dakika kumi kabla ya kikao au mara tu baada ya simu, ni huyo. Dawa yake ni kumpa majibu ya maswali anayokwenda kuulizwa huko juu, ukurasa mmoja asubuhi ya kikao. Kuna aliyepandishwa cheo kutoka meza kama yako: kazi ya kukagua voucha anaiweza, ya kuongoza bado inamtisha, hivyo anarudi kwenye anayoiweza. Huyo mfanye mwalimu, muulize mambo makubwa, ya mtiririko wa fedha wa miezi mitatu ijayo, na mengine atayaachia polepole.

Kuna na wa tatu, anayekusanya ushahidi wa kukuondoa. Dalili zake ni tofauti. Maagizo anatoa kwa mdomo, lawama anaandika. Anaanza kumnakili ofisa rasilimali watu. Unapewa kazi bila tarehe ya mwisho halafu unaulizwa mbona umechelewa. Kazi zako zinahamishwa bila kuambiwa. Kwa huyo taarifa nzuri hazisaidii, andaa kumbukumbu zako.

Kwa maelezo yako, anayeandika hadi usiku na hatukani mtu, naona yupo fungu la kwanza au la pili.

---

Mhasibu wa Posta

Asanteni sana. Ni kweli, mkurugenzi humpigia mara nyingi, na meseji nyingi huja baada ya hapo. Sikuwahi kuviunganisha.

Maswali mawili yamebaki. Meseji za usiku nijibu au nisijibu? Na voucha zinazolala mezani kwake nizitoeje bila kuonekana namsukuma?

---

Fundi Mizania

Naanza na voucha, maana hizo zina faini na riba nyuma yake.

Usipeleke rundo moja. Rundo moja lenye voucha 30 linaahirishwa kwa sababu linaonekana ni kazi ya saa mbili. Zigawe: trei ya kwanza zenye tarehe ya serikali, ya pili za wasambazaji wenye makubaliano ya siku 30, ya tatu zisizo na haraka. Kwenye trei ya kwanza kila voucha ibandikwe karatasi ndogo yenye maneno matatu tu: kitu, tarehe ya mwisho, saa unayohitaji saini.

Kisha rudisha nyuma kalenda yako. PAYE na SDL mwisho tarehe 7, basi voucha ifike mezani kwake tarehe 2 au 3, na uombe saini tarehe 4. VAT mwisho tarehe 20, basi majedwali yafike tarehe 14. Siku hizo za katikati ndizo zake za kurudisha mara tatu. Ukipeleka tarehe 6 umemnyima nafasi ya kufanya anachokifanya siku zote, na atakifanya hivyohivyo. Kumbuka pia malipo yanahitaji namba ya malipo itoke kwenye mfumo na benki ipokee, na siku za mwisho mifumo huelemewa.

Halafu mwombe saa ya saini. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, dakika 20 kila moja, wewe ukiwa umekaa palepale na viambatisho. Anapouliza unajibu hapohapo, voucha hairudi mezani kwako kwa ajili ya swali la sekunde kumi. Kurudi mara tatu kunatokana hasa na hilo: anaandika swali pembeni, karatasi inasafiri, jibu linasafiri, siku imeisha. Weka na daftari la kupelekea nyaraka, lenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Usimwonyeshe kama shitaka. Mwisho wa mwezi likae wazi tu mezani mnapopanga mwezi unaofuata.

---

Mzizima

Kwa meseji za usiku na upande wa sheria.

Kusimamiwa kwa karibu peke yake si kosa, mwajiri ana haki ya kusimamia kazi. Mipaka inaanza kwenye muda, kwenye utu wa mtu, na kwenye namna ya kumwachisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kuna mapumziko ya saa 12. Angalizo: kanuni hizi za saa hazimgusi mtu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mhasibu wa malipo asiye na watu chini yake zinamhusu.

Ila usimpige bosi kwa kifungu cha sheria kwa ajili ya meseji nne. Anza kwa kukubaliana dharura ni nini. Zitaje tatu, kwa mfano malipo yamekwama benki, mzigo umekwama bandarini, kodi inaisha kesho yake. Hizo apige simu, si meseji, na wewe utapokea. Mengine utayajibu kwenye taarifa yako ya asubuhi. Mwambie hayo mchana kabla hujaanza kunyamaza usiku. Ukinyamaza bila kumwambia, alama mbili za bluu zinasomeka kama dharau.

Barua ya onyo ikija, saini ya kupokea haina tatizo. Andika pembeni "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo, nitajibu kwa maandishi", weka tarehe, na ujibu kweli ndani ya siku chache. Tafuta pia maelezo ya kazi uliyopewa ulipoajiriwa, kisheria ulipaswa kupewa kwa maandishi. Bila karatasi hiyo huwezi kuonyesha kazi ipi iliongezwa na ipi iliondolewa.

Kumbukumbu zako ziwe kwenye daftari: tarehe, saa, agizo, nani alikuwepo. Usijitumie mafaili ya ofisi kwenye barua pepe yako binafsi. Watu wengi hufanya hivyo wakidhani wanajilinda, na hilo peke yake linaweza kuwa kosa la kinidhamu, achilia mbali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kama ndani yake kuna mishahara ya wenzako.

Na tafadhali usiache kazi kwa hasira. Sheria inamtambua aliyelazimika kujiuzulu kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike, lakini mzigo wa kuonyesha hivyo ni wake, na swali la mwanzo litakuwa: ulilalamika ndani, kwa maandishi, lini, kwa nani? Aliyeandika barua ya mstari mmoja ya kujiuzulu na kushukuru kwa ushirikiano anajikata miguu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, mingine ndani ya 60. Fomu Na. 1, ya kupeleka mgogoro, unampa mwajiri nakala kwanza, kisha unaiwasilisha pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Mwenye chini ya miezi sita kazini hana nafasi ya kudai kuachishwa isivyo halali. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28.

Hayo ya mwisho ni ya kujua tu. Kwa hali yako hujafika huko.

---

Mhasibu wa Posta

Nimeelewa. Kesho naanza daftari la maswali, na jedwali nalitengeneza wikiendi hii. Kiwango cha laki mbili nitamfuata nacho baada ya tarehe 20. Akianza kulegea, taarifa za asubuhi na jioni naziacha lini?

---

Ghala Namba Tatu

Usiziache pamoja. Hesabu meseji zake kila wiki kama ulivyoanza. Zikishuka chini ya kumi kwa wiki, wiki mbili mfululizo, toa ya jioni kwanza, lakini mwambie unaitoa na kwamba jedwali lipo. Ya asubuhi ibaki angalau mpaka mzunguko mmoja mzima wa mwezi upite, kuanzia PAYE hadi VAT, bila karatasi kuchelewa. Kisha iwe Jumatatu na Alhamisi. Zikipanda tena kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu wa mwaka au mkurugenzi amekuja juu, irudishe ya kila siku wewe mwenyewe kabla hajaiomba, na umwambie itakaa mpaka ukaguzi uishe.

Tupe mrejesho mwisho wa mwezi.